Kisu cha Babu na Mzani wa Keki

Mzani niliuazima kwa jirani. Yeye huoka keki za kuuza hapa Makole, na mzani wake ni ule mdogo wa betri unaopima unga mpaka gramu moja. Nilipomwambia nataka kupima visu, alinitazama juu mpaka chini, akacheka. "Dada, usije ukaniletea kesi." Kisha akanipa.

Visu vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha babu yangu, mzaa baba. Ni kipana, mpini wake ni wa mti uliong'aa kwa jasho la miaka, na ala yake ya ngozi ya ng'ombe imekauka ikawa ngumu kama ubao. Cha pili ni cha kukunja, aina ya Okapi, ambacho kaka yangu alikisahau kwenye droo. Cha tatu nilikinunua soko la Majengo asubuhi hiyo hiyo: kisu kidogo cha kumenyea matunda, mpini wa plastiki ya njano, bei yake haifiki nauli ya kwenda Kongwa.

Mzani ulisema hivi: cha babu na ala yake, gramu 412. Cha kukunja, gramu 94. Cha sokoni, gramu 23.

Sababu ya kupima ilikuwa hii. Mimi na wenzangu watano wa shahada ya uzamili tulikuwa tunajiandaa kwenda Kondoa, kutembea siku tatu kwenye vilima vya Kolo, ambako kuna michoro ya mapangoni. Tulishakubaliana kila mtu abebe vyake, na begi la mgongoni lisizidi kilo nane pamoja na maji. Ukiwa Dodoma unajua maana ya neno "pamoja na maji". Lita tatu ni kilo tatu, na huwezi kuzipunguza. Kwa hiyo utapunguza kila kitu kingine: sabuni unaikata nusu, taulo unaliacha unachukua kanga. Kisu nacho lazima kijieleze.

Nilikuwa nimekwishaamua moyoni kubeba cha babu. Mzani ukanivuruga.

*

Nisome historia halafu nishindwe kuuliza swali la kihistoria kuhusu begi langu mwenyewe? Tasnifu yangu inahusu wapagazi wa misafara ya karne ya kumi na tisa, na njia yao kuu ilipita hapa hapa katikati ya nchi: Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Unyanyembe, hadi Ujiji. Miezi mingi nimekuwa nikisoma habari za mizigo. Lakini mpaka siku ile nilipoweka kisu juu ya mzani wa keki, sikuwahi kujiuliza kwa dhati gramu moja inamhusu nani.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili. Frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Basi mtu alibeba kilo 32 begani au kichwani. Huo ni mzigo wa bosi tu: pembe ya ndovu, robota la nguo, shanga au waya wa shaba. Juu yake aliongeza vyake mwenyewe, yaani mkeka, chungu au kibuyu, akiba ya chakula, silaha na kisu. Vyake vilikuwa nyongeza ambayo hakulipwa kuibeba. Ndiyo maana mpagazi hakuhitaji mtu wa kumfundisha kuchagua kisu chepesi.

Robota lile la nguo liliitwa mtumba. Leo tukisema mitumba tunafikiria mashati yaliyovaliwa Ulaya na Marekani, lakini neno lilikuwa mgongoni mwa watu zamani kabla halijafika kwenye meza za sokoni. Njia ile imetuachia maneno mengi ya namna hiyo. Mnyapara alikuwa kiongozi wa wapagazi, mara nyingi Mnyamwezi mwenye heshima yake. Leo tunamkuta gerezani akisimamia wafungwa wenzake. Hongo ilikuwa ada ambayo msafara ulimlipa mtemi ili upite na kuchota maji katika nchi yake, na hakuna mahali ambapo wasafiri waliilalamikia kama Ugogo. Ukisoma Richard Burton, aliyepita hapa mwaka 1857, au Henry Morton Stanley, aliyepita 1871, utadhani babu zetu walikuwa watoza ushuru wasio na huruma. Lakini wageni hao walikuwa wametoka kuvuka Marenga Mkali, nyika kavu iliyoko magharibi ya Mpwapwa, na walikuwa wanaomba maji mahali ambapo maji yenyewe hayakuwatosha wenyeji na ng'ombe wao. Mimi ningetoza.

Stanley alitoka pwani na shehena ya karibu tani 6, ndani yake mkiwamo mashua mbili. Mashua, kuvuka Ugogo! Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktaba. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu niligawanya. Tani 6 kwa kilo 32 ni watu zaidi ya 180. Hayo ndiyo mahesabu ya mtu asiyebeba. Kwake yeye uzito ulihesabiwa kwa vichwa vya watu na doti za nguo za kuwalipa, wala hakuusikia begani. Ndiyo maana katika vitabu vile huoni mahali msafiri anahangaika kuchagua kati ya kisu kizito na chepesi. Alichukua vyote.

Waliohangaika ni wale wengine. Asubuhi ya kuondoka, wapagazi waliinua mizigo mmoja mmoja, wakaipima kwa mikono, wakabishana na kugomea ile iliyozidi. Waandishi wa Kizungu waliita huo ukorofi. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, anawatazama kwa jicho jingine: watu wa kazi yenye ujuzi, wenye desturi zao, wanaojua haki yao na wanaoigomea inapovunjwa. Nilipokuwa nimeinama juu ya mzani wa jirani, nilielewa kwamba ugomvi ule wa alfajiri ulikuwa ndio mzani wao.

Kuna methali isemayo mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nadhani aliyeisema alikuwa amebeba kitu siku hiyo.

*

Siku hizi kupunguza uzito wa begi ni elimu kamili. Kuna watu wanakata mpini wa mswaki. Elimu hiyo ina historia yake, na mmoja wa waanzilishi wake ni Mmarekani George Washington Sears, aliyeandika kwa jina la Nessmuk. Mwaka 1883 alisafiri maziwa ya milima ya Adirondack kwa mtumbwi uliokuwa na uzito wa ratili kumi na nusu, hata kilo 5 haufiki. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake, Woodcraft, akihimiza watu wabebe kidogo. Kilichonivutia ni sababu. Matajiri wa wakati wake walikwenda kwenye maziwa yale na waongozaji waliowabebea mitumbwi na mizigo. Sears alikuwa fundi viatu, hakuwa na fedha ya kumlipa mwongozaji, na mwili wake ulikuwa mdogo na mgonjwa. Akaanza kuhesabu uzito kwa sababu mgongo ulikuwa wake.

Kwa hiyo swali la kisu chepesi ni swali la mtu anayejibebea. Hilo lilinipa moyo. Nikalitazama vizuri, kama mwanafunzi anayetafuta ushahidi.

Matembezini kisu hufanya nini? Kinakata mkate, embe na kamba. Kinachana kitambaa cha kufungia mguu ulioteguka, au kinafungua pakiti ya biskuti iliyokataa. Kwa kazi hizo makali ya sentimita saba au nane yanatosha. Wafaransa wana kisu cha kukunja cha Opinel, kilichoanza kutengenezwa milimani Savoie mwaka 1890. Namba 8 yake, ambayo ndiyo maarufu, ina makali ya sentimita nane na nusu na uzito wa gramu 45 hivi. Waswisi wana Victorinox, na kile kidogo kabisa cha kuning'iniza kwenye funguo ni gramu 21 na mkasi ndani yake. Okapi ya kaka yangu nayo ina ukoo wa kwetu kwa njia ya kusikitisha: visu hivyo vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni yake ya Afrika, na baadaye utengenezaji ukahamia Afrika Kusini.

Kisu cha kukunja ni salama mfukoni, lakini vumbi la Dodoma huingia kwenye kiungo chake na chakula hubaki humo. Kama hakina kitasa cha kukaza makali, kinaweza kukufungia vidole. Kisichokunjwa ni rahisi kuosha na hakina cha kuharibika, ila lazima kiwe na ala, hata kama ni ya karatasi ngumu na gundi. Chuma kisichoshika kutu kinafaa kwa mvivu. Chuma cha kawaida kinanoleka upesi, hata kwenye jiwe la njiani, lakini kinataka kupanguswa na kupakwa mafuta. Jambo la mwisho ndilo la kwanza: kisu butu cha gramu 20 ni mzigo wa gramu 20.

Kwa kila kipimo hicho, kisu cha njano cha soko la Majengo kilishinda. Sikufurahi.

*

Sikufurahi kwa sababu ya historia ya kile cha gramu 412.

Baba wa babu alichukuliwa kuwa mpagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ilikuwa imeshaanza kuua kazi ya misafara. Vita ikairudisha, safari hii bila majadiliano ya alfajiri. Wajerumani walichukua watu, kisha Waingereza wakachukua watu. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Kiingereza waliopiga kambi hapo. Mpagazi wa msafara aliweza kuweka mzigo chini na kusema hapana. Mpagazi wa vita hakuweza.

Majeshi hayo yalichukua pia nafaka na ng'ombe wa Ugogo, na mvua zikakosekana. Ikaja njaa ambayo Wagogo waliita Mtunya, kuanzia 1917 hadi 1920. Mwanahistoria Gregory Maddox ameiandika: katika watu wapatao 150,000 wa eneo hili, walikufa kama 30,000. Ni mmoja katika kila watano. Katika familia yetu hatuna hesabu, tuna kimya tu. Baba wa babu alirudi kutoka vitani akakuta boma halina mtu wa kumpokea. Alioa tena, na katika ndoa hiyo ya pili akazaliwa babu. Mimi nipo kwa sababu ya nyumba ya pili.

Babu alikua, akaenda kutafuta kazi Kongwa, kwenye Mradi wa Karanga. Waingereza walikuja mwaka 1947 na mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3 za karanga Tanganyika, ili wapate mafuta ya kula kwao baada ya vita. Sidhani kama Ugogo imewahi kupokea msafara mzito kuliko ule. Walileta matrekta, matingatinga, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kulimia. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kusafisha ekari 150,000. Walizopanda hazikuzidi sana 7,500. Mibuyu ilikataa kung'oka. Udongo mwekundu ulikauka baada ya mvua ukawa kama tofali, ukala majembe ya chuma. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea.

Kilichobaki Kongwa ni vyuma. Kisu cha babu, kama tulivyosimuliwa, kilifuliwa na mhunzi wa kijijini kutokana na kipande cha springi ya lori la mradi. Toka utotoni nimekiona kikitoa chakula: kuchinja mbuzi, kuchuna ngozi, kuchonga mpini wa jembe, kukata fito za kuezekea. Babu alipofariki, baba yangu alinipa mimi na si kaka yangu. Alisema, "Wewe ndiye unayesoma mambo ya zamani."

Sasa niambie ningekiachaje mezani nibebe plastiki ya njano?

*

Kabla ya Kondoa tulifanya jaribio, matembezi ya siku moja kwenye vilima vya mawe vilivyo karibu na mji. Nilikwenda na kisu cha babu kiunoni. Nusu ya kwanza ya safari nilijisikia mtu. Nusu ya pili ala ilikuwa imenichubua nyonga.

Tukishuka, mwenzetu mmoja alikanyaga tawi la mgunga. Mwiba ulipenya soli ya raba, ukaingia kwenye kisigino, ukakatikia ndani. Watu wote wakanigeukia mimi, mwenye kisu. Nikakichomoa. Kwenye kisigino cha binadamu, kisu kile kilionekana kama jembe. Ncha yake ni nene kuliko kidole changu kidogo. Nilikishika, mkono ukatetemeka, nikakirudisha kwenye ala. Mwenzetu mwingine akatoa wembe aliokuwa ameufunga kwenye karatasi ya daftari, akauchoma kwa moto wa kiberiti, akachanua ngozi kidogo tu na kuutoa mwiba kwa kucha. Ilichukua dakika mbili.

Njiani kurudi Makole sikuongea sana.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kongwa kumsalimia bibi. Nilimwambia habari ya mwiba, na kwamba nafikiria kukiacha kisu cha babu nyumbani, na kwamba naona kama namtupa. Bibi alikuwa anachambua karanga kwenye ungo. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Kile hakikuwa cha kutembea, mwanangu. Kile kilikuwa cha nyumbani. Babu yako akienda minadani, siku mbili kwa miguu, alibeba kisu?"

Nikasema sijui, bibi.

"Alibeba kijisu kama jani, alikiviringisha kwenye kitambaa na tumbaku yake. Kimepotea zamani. Baba yake ndiye aliyemfundisha. Yule mzee alikuwa hataki kuona mtu anabeba kitu ambacho hatakitumia kabla jua halijazama. Alikuwa anakasirika kabisa. Watoto walidhani ni uchoyo."

Nikamwuliza kama yule mzee aliwahi kusimulia habari za vita. Bibi alirudisha ungo mapajani.

"Hiyo ndiyo aliyoisimulia," akasema.

*

Kondoa tulikwenda mwezi Juni, wakati wa baridi. Michoro ya Kolo na vilima vya jirani iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, na Mary Leakey alikwishaifanyia kazi ya kuinakili mwaka 1951. Tulipanda na mwongozaji, mzee wa huko, aliyevaa kandambili na kutuacha nyuma kila mara akitusubiri kwa adabu. Mkononi alikuwa na fimbo tu.

Katika pango la Kisese, si mbali na hapo, wachimbuzi walikuta mabaki ya watu walioishi humo makumi ya maelfu ya miaka iliyopita: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na vipande vidogo vya mawe vilivyobanjwa kwa ustadi. Vipande vya aina hiyo kwa kawaida viligandishwa kwenye mti kwa utomvu vikawa visu au ncha za mishale. Nilikuwa nimevisoma kama "zana za mawe". Pale mlimani, nikiwa na begi la kilo saba na nusu, niliviona kama vitu vya watu wenye safari. Waliishi kwa kuhama. Walibeba watoto na maji. Makali yao yalikuwa na uzito wa sarafu, yakichakaa walibanja mengine.

Mwongozaji alituonya tusiokote hata kijiwe. Tangu 1964 kuna sheria ya mambo ya kale inayovilinda. Hatukuokota.

Mchana tulikaa kwenye kivuli cha mwamba tukala mkate, parachichi na mayai ya kuchemsha. Nilitoa kisu cha njano kwenye ala yake, ambayo nimeishona kwa kipande cha ngozi kilichobaki mkiani mwa ala ya babu. Pamoja na ala ni gramu 31. Kilikata mkate na parachichi, kikamkatia mwongozaji kamba mpya ya kandambili yake iliyokuwa imelegea. Alikigeuza mkononi, akakijaribu kwa kidole gumba, akasema kinahitaji kunolewa. Akakinoa kwenye jiwe, mara nne upande huu, mara nne upande ule, akanirudishia.

Kisu cha babu kiko jikoni kwa bibi, Kongwa. Mwezi uliopita amenitumia ujumbe kupitia simu ya binamu yangu, kwamba amechinjia mbuzi wa sikukuu na makali bado yapo. Mzani nimeurudisha kwa jirani. Aliuliza mshindi ni nani. Nikamwambia kila kimoja kiko mahali pake, na yeye akaniambia niache falsafa, nimlipe hela ya betri.